Kaunta Iliyonata

Zahanati nzima wanamwita Ndoo Tatu. Mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kumsimulia, lakini wengine wanajua nusu tu, na yeye mwenyewe hana habari ya kujieleza. Kwa hiyo nitasema mimi. Mkiona naanza kujitetea mnivumilie, ni mazoea.

Ni mfanya usafi. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa, katika jengo lile lile lenye vyumba sita na ukumbi wa mapokezi, na jina la utani limetokana na ndoo zake. Ya bluu ina maji ya sabuni, nyeupe ina maji safi, nyekundu ni tupu, ya kukamulia uchafu. Wafagizi wengine waliopita pale walitumia ndoo moja, wakamaliza haraka, wakakaa kivulini wakipiga soga. Yeye ukimwambia atumie ndoo moja anakuuliza kama wewe unaweza kuoga maji uliyooga jana. Hacheki anapouliza. Anasubiri jibu.

Ana mwili mdogo na mgongo ulionyooka, na viatu vyake vya mpira amevishona kwa uzi wa nailoni mara nyingi mpaka nyuzi ni nyingi kuliko mpira. Meza anaifuta kwa mistari, kutoka mbali kuja karibu, kamwe si kwa kuzungusha mkono, maana anasema kuzungusha ni kuuchukua uchafu na kuurudisha kwao. Kila asubuhi, sakafu ikishakauka, anachukua chupa ya spiriti na kitambaa cheupe, anafuta kila mahali ambapo mgonjwa anaweza kuweka mkono: vitasa, mikono ya viti, kingo za vitanda, kaunta. Saa nane mchana anarudia yote. Ni sheria ya zahanati na imebandikwa ukutani, lakini sheria nyingi zimebandikwa ukutani na zimeachwa huko huko. Hii yeye anaifuata kila siku.

Basi huyo ndiye mtu niliyemharibia jina.

Mimi ni fundi seremala. Watu wananiita Kioo, na jina hilo nililipenda kupita kiasi. Limetokana na meza zangu, maana ukiinama juu yake unaweza kunyoa ndevu. Siri yake si siri, mafundi wote wa zamani waliijua. Unachukua magamba membamba ya rangi ya asali, unayaloweka kwenye spiriti mpaka yayeyuke, halafu unapaka kwa pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa laini, mkono ukizunguka na kuzunguka, tabaka juu ya tabaka, hata mara thelathini. Mafundi wa siku hizi hawana mkono wala subira ya kazi hiyo. Wanapuliza laka kwa mashine, wanapokea chao, wanaondoka. Mimi nilikuwa nawacheka.

Nimesema magamba yanalowekwa kwenye spiriti. Lishikeni neno hilo, maana mimi nililisahau.

Dada yangu ndiye muuguzi mkuu wa zahanati. Ni mkubwa wangu kwa miaka minane, amenibeba mgongoni, na mpaka leo akiniita "wewe" naangalia kwanza kama nimefunga vifungo vya shati. Kaunta ya mapokezi ilikuwa imeoza kwa chini, mbao zimeachana, na watoto walikuwa wanaingiza vidole kwenye nyufa. Akasema hataki fundi mwingine yeyote, anamtaka mdogo wake. Aliwaambia wenzake kwamba nikimaliza watu watakuja kupima presha kwa sababu tu ya kuiona kaunta. Nilisikia maneno hayo nikaota mabawa.

Niliitengeneza kwa mbao ngumu nyekundu, ndefu kama mlango na nusu, kona zake nikaziviringisha ili mtoto akigonga kichwa asipasuke. Hadi hapo sina cha kuona haya, kazi ya mbao ilikuwa safi. Kisha nikafika kwenye kupaka juu. Dukani kulikuwa na vanishi za kila namna, za brashi, za maji, na zile za makopo mawili ambazo unachanganya na hadena, dawa ya kugandisha, kisha unakimbizana nazo kabla hazijaganda. Sikuziangalia hata mara moja. Kioo hanunui kopo, Kioo anapaka kwa mkono wake. Nilipaka siku nne.

Siku niliyomaliza ilikuwa alasiri. Karani wa mapokezi alikuwa amesimama upande wake wa kaunta akijitazama ndani ya mbao na kurekebisha kilemba. Wagonjwa wawili watatu waliinuka kwenye benchi kuja kuona. Dada yangu alipita, akagusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Mmeona sasa," akaendelea na safari yake. Mimi nilikuwa nimesimama nimekunja mikono, kitambaa begani, nikisikia sifa zinaingia mwilini kama chai ya moto.

Ndoo Tatu alikuja na ndoo zake akasimama kando mpaka nilipomwangalia.

"Pole na kazi, fundi."

"Nimeshapoa, mama."

"Naomba kuuliza. Hii uliyopaka inapatana na spiriti? Maana hapa nafuta kwa spiriti mara mbili kwa siku."

Swali lilikuwa zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa na mteja. Jibu lilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye chupa. Kipande cha mbao kilichopakwa kilikuwa miguuni pangu. Ningeweka kitambaa kilicholowa juu ya kile kipande, ningesubiri dakika kumi, na sote tungejua. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mfagizi alikuwa ananiuliza mimi habari za polishi.

"Mama," nilisema, "wewe shika ndoo zako, mimi nishike mbao zangu. Tusiingiliane."

Watu wakacheka. Karani akacheka mpaka akashika kilemba.

"Sawa, fundi," alisema Ndoo Tatu, akainua ndoo zake.

Wiki ya tatu dada akanipigia simu. Hakunisalimu. Alisema, "Wewe, njoo," akakata.

Nilipoingia ukumbini niliona kabla sijafika. Kaunta ilikuwa imekufa macho. Pale kwenye kona za mbali ilikuwa bado inang'aa kidogo, lakini katikati, pale watu wanapoegemea, ilikuwa na ukungu mweupe na alama za vidole vya kila mtu aliyepita, kama mahali palipochezewa na watoto wenye mikono ya asali. Mbele ya karani alisimama mama mmoja na mtoto mgongoni, ameshika nusu ya kadi ya chanjo. Aliiweka kadi juu ya kaunta akisubiri kuitwa, na alipoitwa na kuivuta, ukurasa wa nyuma ulibaki kwenye mbao. Tarehe zote za sindano za mtoto wake zilikuwa zimenata pale. Alikuwa anajaribu kuzibandua kwa ukucha, polepole, herufi zisichanike.

Nikaweka kidole gumba. Kikashikwa. Nilipokivuta kilitoa sauti ndogo, na harufu ikapanda. Ninaijua harufu ile kuliko ninavyoijua harufu ya nyumba yangu. Kila siku walikuwa wanafuta kaunta yangu kwa kitu kile kile ninachotumia kuyeyushia polishi yangu. Nilijua pale pale, kabla kidole hakijakauka.

"Imekuwaje?" dada akauliza. Walikuwepo karani, wauguzi wawili wa zamu, benchi zima la wagonjwa, na Ndoo Tatu mlangoni na ufagio.

"Hapa pamemwagwa kitu," nilisema.

"Kitu gani?"

"Kitu kikali. Sabuni kali, au dawa ya choo. Polishi yangu haijawahi kufanya hivi."

Kweli haikuwahi. Hakuna sebule ya mtu inayofutwa kwa spiriti mara mbili kwa siku. Nililishika hilo neno la kweli nikalisimamisha mbele ya uongo wangu, macho makavu kabisa.

Dada akamgeukia Ndoo Tatu. "Mama, hapa unafuta kwa kitu gani?"

"Spiriti. Asubuhi na saa nane."

"Spiriti tu?"

"Spiriti tu, kama sheria inavyosema."

Dada akanigeukia mimi. "Spiriti inaweza kufanya hivi?"

Alikuwa ananiuliza kwa nia njema. Mlango ulikuwa wazi, ningepita tu. Nikamwona mama mwenye kadi, nikaona wale wauguzi, nikaona jinsi dada yangu alivyosimama akingoja mdogo wake amtoe kimasomaso.

"Sidhani," nikasema.

Nimesema maneno mengi mabaya maishani, mdomo wangu hauna breki. Lakini sijawahi kusema neno bovu kama hilo, na nililisema taratibu, kwa sauti ya kitaalamu, huku nikitikisa kichwa.

Ndoo Tatu alinitazama. Hakuonekana kukasirika. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Nikaanza kuchunguza miguu ya kaunta.

Dada aliandika barua siku hiyo hiyo. Ndoo Tatu akae nyumbani mpaka kikao cha wafanyakazi cha Ijumaa ya wiki iliyofuata, na siku hiyo aje kueleza alitumia dawa gani na aliitoa wapi. Asipokuwa na maelezo, kazi imeisha. Ilikuwa barua yake ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Niliambiwa aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa sare, kisha akauliza nani atafuta saa nane.

Mimi dada alinipa kazi nyingine. "Ikwangue, upake upya," alisema. "Safari hii tafuta kitu kigumu. Kitu ambacho hata mfagizi akikosea hakiharibiki."

Nikasema sawa. Nikamwambia sawa, dada.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilienda dukani kununua makopo. Nilichukua ubao mmoja wa mbao ile ile nyekundu, nikaugawa kwa penseli vyumba vitano. Cha kwanza nilipaka polishi yangu. Cha pili laka. Cha tatu vanishi ya mafuta ya brashi. Cha nne vanishi ya maji. Cha tano ile ya makopo mawili. Kila kimoja nilikipa tabaka zake na muda wake wa kukauka, siku baada ya siku, nikiwa nimeuegemeza ubao kwenye ukuta wa uani. Nikaanza kuutesa. Kikombe cha chai ya moto, sarafu ya kukwaruza, dawa ya kuulia vijidudu. Mwisho nikaweka juu ya kila chumba kitambaa kilicholowa spiriti, nikakifunika na kifuniko cha chupa kisikauke.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo kwenye kiti, miguu kwenye ngazi.

"Kumbe Kioo naye anajaribu," alisema. "Si ulisema kujaribu ni kazi ya wasiojua?"

"Niache."

"Nimekuacha, lakini macho yangu yako hapa hapa."

Dakika kumi zilipopita niliinua vifuniko. Ya makopo mawili ilikuwa kama ilivyokuwa, ngumu na baridi. Ya mafuta ilikuwa na kivuli kidogo. Ya maji iligeuka nyeupe kwenye kingo. Laka ililainika. Chumba cha kwanza hakikuwa na kitu tena, kitambaa kilikuwa kimegandamana na mbao, na nilipokivuta kilikuja na polishi yangu yote, nyuzi nyuzi za rangi ya asali.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na shati langu mkononi.

"Hiyo iliyoyeyuka ni ipi?"

"Ya kwangu."

"Na umeweka nini?"

"Spiriti."

Aliendelea kukunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Yule mama wa watu yuko nyumbani na barua," alisema.

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

Nikaanza kukusanya vifuniko. Aliniwekea shati mikononi kama mtu anayemkabidhi mgeni mzigo wake, akaingia ndani. Uso ulinishuka nikabaki uani na ubao wangu. Niliona haya mbele ya mke wangu hata kula nikala nimeinamisha kichwa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumatano niliutia ubao kwenye gunia nikaenda kwa Ndoo Tatu. Njiani nilitunga hotuba. Ndani yake kulikuwa na maneno kama "hata mafundi wakubwa hukosea" na "hakuna aliyetarajia". Nilikuwa nimeipamba vizuri.

Anakaa chumba na sebule, mlango wa tatu katika uwanja wa wapangaji. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi.

"Karibu, fundi. Vua viatu hapo, sakafu bado mbichi."

Nilivua. Soksi moja ilikuwa na tundu. Alinipa kiti, akaendelea na kola ya sare.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Kwa lipi?"

Hotuba ikapotea yote. Nikafungua gunia, nikamwonyesha ubao, nikaeleza chumba kimoja kimoja kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akagusa kile chumba cha kwanza kilichobaki mbao tupu.

"Kwa hiyo ni spiriti," alisema.

"Ni spiriti. Uliniuliza na nikakujibu ujinga."

"Hilo la kunijibu nimeshalizoea. Hili umelijua lini? Juzi, ulipopaka huu ubao?"

Ningeweza kusema juzi. Alikuwa ameniwekea jibu mkononi.

"Siku ile ile," nikasema. "Nilipoweka kidole."

Alisimamisha pasi wima. Mimi nilitazama tundu la soksi yangu.

"Mimi nilidhani hujui," alisema. "Siku zote hizi majirani wananiambia yule fundi ni mtu mbaya, mimi nawaambia hapana, hajui tu. Akijua atakuja kusema."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu niliyemtwika mzigo wangu alikuwa ametumia wiki nzima kunitetea uani kwa watu nisiowajua.

"Mbona hukuwaambia kule zahanati kwamba uliniuliza?" nilisema, na sauti yangu mwenyewe ilinichukiza, maana ilikuwa kama ya kulaumu.

"Niseme ili iweje? Mimi mfagizi, wewe fundi, na bosi ni dada yako." Akachukua pasi tena. "Radhi yako nimeisikia. Lakini barua haikuandikwa humu ndani, fundi. Kikao ni Ijumaa saa mbili."

Alinisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Hilo nalo lilikuwa gumu, ningefurahi kama angenitukana.

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa wamekaa chumba cha chanjo, watu tisa, kwenye viti vya plastiki. Ndoo Tatu alikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, sare imenyooka, barua mapajani. Mimi si mfanyakazi, sikuwa na haki ya kuingia. Nilibisha nikaingia.

"Wewe, tuko kwenye kikao," alisema dada.

"Najua, dada. Naomba dakika chache, na naomba pamba na spiriti."

Hakuelewa, lakini akamwambia muuguzi anipe. Niliuweka ubao mezani. Nikalowesha pamba, nikaanza kusugua chumba cha kwanza, ambacho nilikuwa nimekipaka upya. Pamba ikageuka rangi ya asali. Nikaiacha, ikabaki imenata kwenye ubao, nikauinua ubao wote waone. Pamba haikuanguka.

"Hii ndiyo niliyopaka kaunta yenu," nilisema. "Naiyeyusha kwa spiriti mwenyewe kila ninapoitengeneza. Huyu mama hakumwaga kitu. Alifuata sheria yenu, na kosa ni langu tangu mwanzo. Tena siku niliyomaliza aliniuliza kama inapatana na spiriti. Nilimwambia ashike ndoo zake."

"Ni kweli," alisema karani, akiangalia magoti yake. "Nilikuwepo. Mimi nilicheka."

Dada yangu aliutazama ubao. Alivua miwani.

"Siku ile nilikuuliza kama spiriti inaweza kufanya vile," alisema. "Ukaniambia hudhani. Ulikuwa hudhani kweli?"

"Nilikuwa najua."

Nilisema hivyo mbele ya wafanyakazi wenzake, mimi mdogo wake aliyemsifia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake makali, ninayajua tangu utotoni, lakini hakunipa hata moja. Alivuta karatasi, akaandika kwa mkono palepale, sisi wote tukisikiliza kalamu. Kisha akasimama na kuisoma kwa sauti. Ilisema kwamba barua ya kwanza imefutwa, kwamba yeye muuguzi mkuu alimhukumu mfanyakazi wake kwa kumwamini ndugu yake bila kuuliza zaidi, na kwamba anaomba radhi. Alikwenda nayo mwenyewe mpaka kiti cha mwisho, akaitoa kwa mikono miwili. Ndoo Tatu akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote tena, polepole, kama alivyosoma ile ya kwanza.

Kwangu mimi dada alisema, "Fundi, kaunta iwe tayari Jumatatu, si hii, ile inayofuata."

Tangu siku hiyo ananiita fundi. Hata nyumbani kwake, mbele ya wanawe, ananiita fundi, na wanawe wanashangaa.

Kaunta niliikwangua mchana kweupe, ukumbi ukiwa na watu. Polishi yangu niliiondoa kwa spiriti, na kila aliyepita aliniona nikifanya hivyo, na wengine walisimama kuangalia. Nikapiga msasa mpaka mbao ikawa mbichi. Nikachanganya makopo mawili, nikapaka kwa brashi, tabaka tatu, nikipiga msasa laini kati ya moja na nyingine. Kisha nikaiacha ikomae siku zake bila kuguswa, maana kopo lilisema hivyo, na safari hii nilisoma kopo mpaka mstari wa mwisho. Haing'ai kama zangu. Ina mwanga wa utulivu tu, huwezi kunyolea ndevu.

Jumatatu hiyo asubuhi Ndoo Tatu alikuja na ndoo zake tatu, akasimama kando. Safari hii sikumngojesha.

"Pole na kazi, fundi."

"Nimeshapoa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Naomba kuuliza. Hii uliyopaka inapatana na spiriti?"

Aliuliza kwa sauti ile ile, kwa maneno yale yale. Karani aliacha kuandika. Dada yangu alikuwa mlangoni kwake na mafaili kifuani.

"Kwenye ubao ilipatana," nilisema. "Naomba ujaribu na hapa, mama."

Alilowesha kitambaa cheupe, akakilaza kwenye kona, akakifunika na bakuli dogo. Akatazama saa ya ukutani. Sote tukaitazama. Hakuna aliyeondoka, wagonjwa nao walinyoosha shingo kana kwamba ni wao wanaopimwa. Mimi nilisimama pale nilipokuwa nimesimama siku ile, mikono ikining'inia, sijui niiweke wapi. Dakika kumi ni ndefu ukizisimamia.

Akainua bakuli, akaondoa kitambaa, akapangusa kwa kikavu. Akabonyeza kidole gumba, akakiinua. Hakukuwa na alama. Akabonyeza tena mahali pengine.

"Inapatana," alisema. Akaanza kufuta, kwa mistari, kutoka mbali kuja karibu. Alipofika mbele yangu alisimamisha mkono.

"Dakika kumi tu, fundi," alisema. "Siku ile ulikuwa unawahi wapi?"

Siku ile sikuwa nawahi popote. Nilikuwa nimesimama tu, nikisifiwa.